UZI: Pesa za utafiti wa miundombinu stahimilivu zinaenda kwenye bomba na nguzo, kiungio hakina mwenyewe

Spana17 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Hili limenikaa rohoni muda, leo nimeona nilitoe, maana najua humu kuna watu wa umeme, wa maji, wa barabara, wa takwimu, na wale wa "mi napita tu". Mada ni pesa za utafiti. Pesa za kujenga zina watetezi wake, siziongelei. Naongelea zile zinazotolewa ili watu wakae wachunguze ni vipi jamii inaweza kupigwa na mafuriko au tetemeko au kimbunga halafu maji, umeme, simu na barabara virudi haraka, watu wasihangaike miezi.

Dai langu ni moja tu. Pesa nyingi zinatolewa kwa kitu kimoja kimoja: huyu achunguze nguzo ya daraja, yule bomba, mwingine transfoma, na kila mtu anachunguza chake vizuri kweli kweli. Ila mji ukianguka mara nyingi hauangukii kwenye bomba wala kwenye transfoma, unaangukia pale bomba linapoitegemea transfoma, na hapo hakuna aliyelipwa kuangalia. Kamba hukatikia pembamba.

Mfano ambao huwa unaniuma. Lumberton, North Carolina, Marekani, mji mdogo kando ya mto. Wana tuta la kuzuia mafuriko. Kuna barabara kuu, I-95, na kuna reli inayopita chini ya hiyo barabara. Ili reli ipite lazima pawe na uwazi kwenye tuta, na pale kwenye uwazi hapakuwa na lango la kufunga. Oktoba 2016 kimbunga Matthew kikaleta mvua, mto ukajaa, maji yakaingia kupitia uwazi wa reli hadi kwenye mitaa iliyoamini kuwa inalindwa. Miaka 2 baadaye, 2018, kikaja Florence. Safari hii watu walijaza mifuko ya mchanga pale kwenye uwazi, wanajeshi wa akiba wakasaidia, maji yakapita tena. Sasa jiulize: aliyejenga tuta alijenga tuta, wa barabara kajenga barabara, wa reli kaweka reli yake. Kila mmoja ukimuuliza kazi yake iko sawa.

La kwangu binafsi sasa. Miaka ya nyuma tulipata ruzuku ya kutengeneza modeli ya mtandao wa maji wa mji mmoja (sitautaja). Miaka 2 tuko kwenye kompyuta tunafunga na kufungua valvu kwa kubonyeza, grafu zinapendeza. Mwishoni mwishoni tukatoka na fundi wa zamu, mzee wa makamo hivi, tukakague valvu moja ambayo kwenye modeli yetu ndo ilikuwa inaokoa nusu ya mji bomba kubwa likipasuka. Tukafika, hakuna kitu. Mzee akatembea hatua kama 4, akagonga lami kwa kisigino cha buti, akasema "iko hapa chini." Watu wa barabara walipitisha lami juu yake wakaendelea na safari. Yani modeli yetu yote ilikuwa inategemea kitu kilichozikwa, na fundi alikuwa anajua siku zote, ila kwenye bajeti yetu hapakuwa na hata senti ya kumlipa mtu kama yeye akae na sisi siku moja.

Kwa hiyo swali: nyie mnaona wafadhili wabadilishe nini? Karibuni, ila tusitukanane.

KokotoNzito

Mkuu nimesoma yote, umeandika vizuri, ila mi nakupinga kuanzia juu. Utafiti wa nini tena? Maji yanashuka, hayapandi. Kalavati ikiwa ndogo panafurika. Nguzo ikiwa mbovu inaanguka. Haya mambo tunayajua miaka na miaka. Nimekaa kwenye ujenzi zaidi ya miaka 20, na ripoti za utafiti nilizoona zikitumika saiti ni chache kuliko zilizotumika kukalia. Hizo pesa nipeni nipanue kalavati, mtaona ustahimilivu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walishamaliza huo utafiti bure.

Spana17

@KokotoNzito hiyo methali kila mtu anaijua, bajeti ndo haiijui.

Ila ngoja nikujibu kwa tetemeko. Januari 1994, Northridge, ndani ya Los Angeles, Marekani. Majengo yenye fremu za chuma yalikuwa yanaaminika kuliko yote, kwamba chuma kinapinda hakikatiki, wahandisi wote duniani walikuwa wanafundishana hivyo. Tetemeko likapita, yale majengo yamesimama, watu wakashukuru. Baadaye ndo mafundi wanabandua dari na plasta kwa shughuli nyingine wanakuta nyufa kwenye maungio ya kuchomelea, pale boriti inapokutana na nguzo. Si jengo moja, ni zaidi ya 100. Ingekuwa ni kujenga tu bila kuchunguza wangerudia uchomeleaji ule ule kwa moyo mweupe kabisa. Serikali ikatoa pesa, maabara zikavunja maungio mazima mazima kuona yanakatikaje, miongozo mipya ikatoka mwaka 2000. Miaka 6.

Kwa hiyo "tunajua" ni neno la hatari mkuu. Walikuwa wanajua.

Mpita_Njia

Naweka mkeka hapa. Endeleeni.

KokotoNzito

Haya hiyo nimeikubali. Ila angalia na wewe, hata hapo tatizo lilikuwa kiungio 😂 una ugonjwa.

Bi_Hesabu

Kaka Spana umegusa penyewe, ila umetaja fundi umeishia hapo. Mi ni mtu wa takwimu, nafanya kazi na watafiti wa jamii, ngoja niwaambie tunavyoingizwa kwenye haya maandiko ya miradi.

Katikati ya miaka ya 2010 ile taasisi ya sayansi ya Marekani, NSF, ilikuwa na programu ya miundombinu inayotegemeana, CRISP, na waliweka sharti ambalo mi niliona ni zuri: timu lazima iwe na mtu wa uhandisi, mtu wa kompyuta, na mtu wa sayansi za jamii au uchumi. Bila hao watatu andiko halipokelewi. Wazo zuri sana. Na wengine sehemu nyingine wameiga.

Sasa ukija kwa vitendo, nilishaitwa kwenye andiko moja (si la hao, ni la mfadhili mwingine kabisa, jina nalihifadhi) siku 5 kabla ya kufunga dirisha. Napigiwa simu, "dada tunahitaji ukurasa mmoja wa jamii." Ukurasa mmoja! Wahandisi wameshagawana kurasa 14, bajeti imeshafungwa, kilichobaki ni hela ya kuchapisha dodoso na soda za washiriki. Nikauliza nitapima nini, nikaambiwa "utaona, wewe andika tu jamii itashirikishwa". Tukashinda ile ruzuku na mpaka leo naona aibu kusema hivyo. Sisi watu wa jamii tunakuwa kama kitambaa cha meza, chakula kimeshapikwa kitambambo ndo kinatafutwa.

Na si kwamba mambo ya jamii ni mapambo. Julai 1995 Chicago walipigwa na joto kali, watu zaidi ya 700 wakafa ndani ya siku chache. Waliochunguza baadaye walikuta mitaa iliyolingana kwa umaskini, imekaa jirani kabisa, mmoja umepoteza watu wengi na mwingine wachache sana. Tofauti kubwa iliyoonekana ni kama mtaa una maduka, una watu barabarani, wazee wana sababu ya kutoka nje na kuna mtu wa kuona kwamba leo bibi fulani hajatoka. Hiyo nayo ni miundombinu. Hakuna mita inayoipima lakini ndo iliyoamua nani azikwe.

Bi_Hesabu

*kitambaa, siyo kitambambo. Simu hii jamani.

MwanafunziSugu

😂😂 kitambambo nimeipenda, ibaki hivyo hivyo

WayaMoto

Mi ni wa umeme na naunga mkono hoja ya viungio kwa asilimia zote, na mfano wangu ni Texas Februari 2021. Baridi kali imepiga, matumizi yamepanda, mitambo ya kuzalisha inaganda mmoja baada ya mwingine. Waendesha gridi (mtandao wa umeme wa jimbo) wanaanza kukata umeme maeneo ili kuokoa kilichobaki, na huo ndo utaratibu, hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Shida ni kwamba kati ya waliokatiwa kulikuwa na vifaa vya kuchimba na kusukuma gesi. Hiyo gesi ndo inalisha mitambo ya umeme. Kwa hiyo unakata umeme, gesi inapungua, umeme unapungua zaidi, unakata tena, ni nyoka anakula mkia wake. Vingine vilikatwa kwa sababu tu hakuna aliyejaza fomu ya kuviorodhesha kama wateja wa lazima. Fomu wakuu! Karatasi!

Masafa ya umeme kwenye gridi (yani mara ngapi mkondo unabadilika kwa sekunde), ambayo yanatakiwa yakae hertz 60, yakashuka chini ya 59.4, na pale wakabakiza dakika 4 na sekunde 37 gridi nzima izime, na ikizima nzima kuiwasha inaweza kula wiki. Nyumba zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme, pampu za maji nazo zikakosa umeme, mamilioni wakaambiwa wachemshe maji, sasa unachemshaje maji huna umeme? Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246.

Ukienda kwa mtaalamu wa gesi atakwambia gesi yetu ilikuwa sawa tulikatiwa umeme. Ukienda kwa wa umeme anakwambia tulikosa gesi. Wote wanasema kweli, kwa sehemu.

Na kingine kidogo, kimbunga Sandy 2012, hospitali moja kubwa ya New York jenereta ziliwekwa ghorofa ya 13, juu kabisa, maji hayafiki. Akili nzuri. Pampu za kupandisha mafuta kwenda kwenye hizo jenereta zikawekwa chini, bezimenti. Maji yakajaza bezimenti. Usiku ule watu wakapanga mstari kwenye ngazi wakipandisha mafuta kwa mikono mpaka ghorofa ya 13.

KokotoNzito

WayaMoto asante kwa kunisaidia, maana Texas ni shahidi wangu siyo wako. Baridi kama ile iliwapiga Februari 2011, miaka 10 kabla. Wakakosa umeme. Ripoti ya wasimamizi wa shirikisho ikaandikwa mwaka huo huo, nene, imesema kabisa mitambo ikingwe dhidi ya baridi, imesema kabisa habari za gesi na umeme kutegemeana. Utafiti ulikuwepo, ulilipiwa, ulisomwa. Hawakulazimishwa, hawakufanya. Kwa hiyo mkiongeza pesa za utafiti mnaongeza nini, ripoti ya tatu? Tatizo ni amri, siyo elimu.

Nasubiri majibu.

Spana17

@KokotoNzito hapo umenipiga na nimekaa chini kidogo kabla ya kujibu.

Ni kweli. Utafiti peke yake haukingi bomba lisigande. Ila naona hapo pana mambo mawili tunayachanganya. Ripoti inayoandikwa baada ya ajali na wasimamizi, ikakabidhiwa watu ambao hawakuwepo wakati inaandikwa, hiyo mara nyingi inaishia kabatini kama ulivosema. Utafiti unaofanywa na wenye mali wenyewe wakiwa mezani ni kitu kingine, na ushahidi wangu ni Christchurch, New Zealand.

Miaka ya 90 pale waliwaweka pamoja watu wa umeme, maji, simu, barabara, wahandisi wa chuo na halmashauri, wakapitia mji mzima: tetemeko likija wewe utaanguka wapi, na ukianguka unamwangusha nani. Matokeo yakachapishwa 1997. Haikuwa teknolojia ya ajabu, yalikuwa ni mazungumzo ya kulipwa. Kampuni ya umeme ya pale ikatoka kwenye kile kikao ikaanza kuimarisha vituo vyake vya kupozea umeme kidogo kidogo, kama dola milioni 6 za kwao kwa miaka kadhaa. Februari 2011 tetemeko likaja, watu 185 wakafa, mji ukaumia vibaya, lakini vile vituo vingi vilisimama na kampuni ikaokoa hela nyingi kuliko ilizotumia. Hakuna amri iliyowalazimisha kufanya yote yale. Walikuwa wameliona tobo kwa macho yao wenyewe, kwenye ramani yao wenyewe, mbele ya majirani zao.

Kwa hiyo mi sisemi pesa ziongezwe tu. Nasema zibadilishwe mkao. Anayemiliki valvu alipwe akae mezani.

KokotoNzito

Sawa. Hiyo ya Christchurch sikuijua. Bado nataka kalavati zangu lakini.

Ramani_Kichwani

Naomba niingilie kwenye suala la data maana hapo ndo panapoua tafiti nyingi za viungio na hakuna anayesema.

Kuchunguza kiungio unahitaji ramani mbili ziwe mezani kwa wakati mmoja, ya bomba na ya kebo. Nenda kaombe. Wa maji atakwambia ni siri ya usalama, wa umeme atakwambia ongea na mwanasheria, wa simu hatapokea simu. Na siwalaumu moja kwa moja, ramani ya mahali ambapo kila kitu kinakutana ni ramani ya mahali pa kupigia. Ila matokeo yake watafiti wanaishia kubuni mji wa kufikirika. Kile kituo cha chuo kikuu cha Colorado State kilichopewa dola milioni 20 na NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, mwaka 2015 kwa ajili ya ustahimilivu wa jamii kilianza na mji wa kubuni, waliuita Centerville, una watu, una barabara, una umeme, haupo duniani. Kwa kujifunza njia ni sawa kabisa, huwezi kujaribu gari jipya kwenye foleni. Ila mji wa kubuni hauna lami juu ya valvu, Spana ananielewa.

Na kutegemeana kwenyewe kuna sura nyingi. Tangu 2001 watafiti walishagawanya: kuna kutegemeana kwa kifizikia, huyu anakula anachozalisha yule, kuna kwa mawasiliano ya kompyuta, kuna kwa kijiografia, yani mmekaa tu shimo moja, na kuna ile ya sera na masoko. Ya kijiografia ndo inapuuzwa sana kwa sababu haionekani kwenye mchoro wa mtu yeyote. Julai mwaka ule ule 2001 pale Baltimore treni ya mizigo iliacha reli ndani ya handaki, ikashika moto, bomba kubwa la maji juu yake likapasuka, na nyaya za intaneti zilizopitishwa humo humo ndani zikaungua, intaneti ikapungua kasi mpaka mbali huko. Treni, maji na intaneti havina uhusiano wowote kwenye karatasi. Vilikuwa majirani tu.

Kwa hiyo kama mfadhili ananisoma: hela ya mwanasheria wa kuandaa makubaliano ya data iwekwe ndani ya ruzuku toka siku ya kwanza, na miezi 6 ya mwanzo ihesabiwe ni ya hiyo kazi. Mradi wa miaka 2 ukitumia miezi 14 kuomba ramani, umebaki na nini?

MwanafunziSugu

Shikamooni wakubwa. Mi niko kwenye PhD, mambo ya barabara na dharura. Nina maswali mawili. Kwanza hizi namba za "dola 1 inaokoa dola 4" mara "inaokoa 6" naziona kila andiko, ni za kweli au ni za kuvutia hela? Pili mtu mdogo kama mimi nikianza kuandika andiko niweke nini ili nisiwe kama hao wa kitambambo?

Bi_Hesabu

Marahaba mdogo wangu. La kwanza nichukue mimi.

Namba ni za kweli, ila soma lebo ya chupa. Ile ya 6 ni ya taasisi ya sayansi za majengo ya Marekani, ya kuanzia 2017, waliangalia ruzuku za serikali yao za kupunguza madhara, wakapata wastani wa dola 6 kwa kila 1. Ile ya 4 ya Benki ya Dunia ni ya 2019, inahusu miundombinu ya nchi zinazoendelea, na hapo hapo wakasema kujenga kwa ustahimilivu kunaongeza gharama kwa kama asilimia 3 tu kwa ujumla. Mi hiyo 3 ndo huwa naipenda zaidi, haina mbwembwe.

Sasa tatizo la hizi hesabu haliko kwenye kuzidisha. Liko kwenye kinachohesabiwa. Faida kubwa ya kuzuia maafa inapimwa kwa thamani ya kilichookolewa. Nyumba ya bei kubwa ikiokolewa, faida kubwa. Kibanda cha mtu kikiokolewa, faida ndogo, hata kama yule wa kibanda ndo alikuwa anapoteza kila kitu na mwenye nyumba kubwa ana bima. Ukiiachia hiyo hesabu peke yake iamue mradi uende wapi, itakupeleka kwa matajiri kila siku na itakuwa sahihi kihesabu. Andika hilo kwenye andiko lako, wapitiaji wengine watakununia, wengine watakushukuru.

Spana17

La pili nijibu mimi na wengine waongezee.

Mdogo wangu, barua ya kuungwa mkono siyo ushirika. Kila andiko lina barua 8 zenye mihuri, "tunaunga mkono mradi huu muhimu", nimeshazipitia nyingi nikiwa upande wa wapitiaji, na kitu cha kwanza kabisa ninachofanya ni kufungua bajeti kuangalia kama yule aliyeandika barua ana mstari wake. Kama mamlaka ya maji imeandika barua na kwenye bajeti haina kitu, najua kitakachotokea: mwaka wa kwanza wataleta mtu, mwaka wa pili wataleta mwanafunzi wa mazoezi, mwaka wa tatu wanaleta udhuru. Weka saa za fundi. Andika kabisa, fundi wa zamu, siku kadhaa kwa mwezi, malipo haya. Na wazee wa mtaa wanaokaa na wewe mchana mzima kukuonyesha maji yalifika wapi, nao walipwe, usiwape kofia.

Halafu muda. Ruzuku nyingi ni miaka 2 au 3 na jamii inapona kwa miaka 10. Kinachonifanya niiheshimu kazi ya utafiti iliyofanyika Lumberton ni kwamba watafiti walienda baada ya Matthew, wakahoji kaya, wakarudi kwa watu wale wale, Florence ikaja wakiwa tayari wana picha ya kabla. Hiyo ni nadra sana. Kawaida tunafika baada ya maji kukauka tunawauliza watu "kabla ilikuwaje", na mtu aliyepoteza nyumba kumbukumbu yake siyo mita.

WayaMoto

Naongezea: kuna vitu vinaoza kama samaki. Alama ya maji ukutani inapakwa rangi, nguzo iliyovunjika inabebwa kesho yake, logi za mitambo zinafutwa. NSF wana ruzuku za haraka wanaziita RAPID, za mwaka mmoja, haipiti kwenye mlolongo mrefu wa wapitiaji wa nje, ni kwa ajili ya hiyo kazi ya kukimbilia ushahidi kabla haujafagiliwa. Kila mfadhili angekuwa na kitu kama hicho hata kidogo. Unakuta mtu anatakiwa asubiri miezi 9 apate hela ya kwenda kupiga picha nguzo ambayo imeshageuzwa kuni.

KokotoNzito

Hapo kwenye nguzo nimekuelewa, maana sisi ndo huwa tunazibeba 😅 Tunaambiwa safisha, barabara ipitike, tunasafisha. Hakuna hata siku moja mtu alituambia subiri kuna mtu anakuja kupima. Angekuja tungemsubiri masaa mawili, si shida. Nina picha kwenye simu za madaraja 3 yaliyokatika, nilipiga mwenyewe kwa sababu ya kulipwa, kuonyesha kazi imefanyika. Hazijawahi kuombwa na mtu.

Ramani_Kichwani

KokotoNzito usizifute hizo picha. Niko serious. Nitumie PM.

KokotoNzito

Ngapi? Maana utafiti una hela nimesikia 😂

Bi_Hesabu

Mwekeni kwenye bajeti, msimpe kofia.

MwanafunziSugu

Asanteni sana wakubwa, nimescreenshot karibu yote. Swali la mwisho kwa mleta uzi, limenikaa kichwani toka mwanzo: ile valvu iliyoko chini ya lami, mlipoigundua ikafukuliwa?

Spana17

Bado. Tuliandika barua mara 2. Wa barabara wanasema valvu ni ya watu wa maji, wakafukue wenyewe. Wa maji wanasema valvu ni yao ndiyo, ila lami siyo yao, hawana kibali cha kuikata. Yule mzee amechora duara la rangi nyeupe pale juu kwa hela yake, na kila mvua ikifuta anachora tena.